Natoka saa 10:30 alfajiri, Tandale. Mnaotembea kwa miguu gizani, mnapitaje?

MPISHI WA TANDALE

Wapendwa, salama? Humu huwa nasoma tu, siandiki, ila hili limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa.

Nina miaka 41. Nakaa Tandale tangu 2009, upande wa kwa Mtogole. Napika kwenye kantini moja mjini, na uji unatakiwa uwe umeiva saa 12:30, kwa hiyo saa 10:30 nafunga mlango. Natembea kama dakika 20 mpaka Manzese, barabara ya Morogoro, niwahi mwendokasi ya kwanza. Bodaboda saa hizo ananiambia 2,000. Piga mara siku 26 za kazi, ni 52,000, na chumba nalipia 60,000. Kwa hiyo naenda kwa miguu.

Njia yenyewe naijua kama kiganja changu. Kutoka nyumbani mpaka msikitini siogopi. Kuna mzee mmoja anatangulia kufungua geti na bomba la udhu, namsikia akikohoa kabla sijamwona, nasema "shikamoo baba", anaitikia "marahaba, pita salama". Hayo maneno matatu yananifikisha kwenye lami.

Kwenye lami napo si haba. Ni ile barabara iliyojengwa na mradi wa DMDP, ule wa kuboresha miundombinu ya Dar, na mtakumbuka kabla ya hapo masika tulikuwa tunatembea na viatu mkononi. Waliweka na taa za sola. Zilipowashwa mara ya kwanza watoto walitoka kucheza mdako chini yake saa 3 usiku, sijasahau. Leo napita chini ya taa 9, zinazowaka ni 4.

Shida ni kipande cha tatu. Upande mmoja ukuta mrefu wa godauni, upande wa pili pagale ambalo halijaezekwa miaka yote. Zamani pale kwenye kona kulikuwa na uhai: mama wa chapati alikuwa anakanda unga tangu saa 10, jirani yake anauza supu ya pweza na kahawa, kijana wa miamala naye alikuwa analala mule mule ndani ya kibanda. Vibanda viliondoka Oktoba 2021, wakati wa lile zoezi la kuwapanga wamachinga. Sikatai kwamba barabara zilikuwa zimezibwa. Lakini zile taa zao za betri na lile jiko la mkaa ndivyo vilikuwa ulinzi wangu, na hakuna aliyekuja kuweka kitu kingine. Ni dakika tatu tu za kutembea, nazivuka nikiwa nimebana pumzi.

Simu naitia ndani ya hotipoti tupu, nafunika na kitambaa cha jikoni, hotipoti naibeba kwenye kikapu kama mtu anayepelekea mgonjwa chai. Navaa raba, kanga naikaza kiunoni isinizuie kukimbia.

Sasa wiki tatu zilizopita, katikati ya ule ukuta, nikasikia nyayo nyuma yangu. Nikasimama pembeni apite. Naye akasimama. Nikatembea, akatembea. Koo likanikauka, nikajua nikipiga kelele sauti haitatoka, basi nikamwita mtu ambaye hayupo: "Baba Rehema! Nisubiri hapo hapo, nakuja!" Sijui hata lile jina lilitoka wapi. Yule mtu akakatia kwenye uchochoro. Nilipofika kituoni nikagundua nimeng'ata ndani ya shavu mpaka damu.

Sikuibiwa chochote, kwa hiyo polisi ningeenda kuandikisha nini? Ila tangu siku hiyo silali vizuri. Imenirudisha Septemba 2022, vile vijana wa genge la Panya Road walipovamia watu na mapanga mpaka wakaua binti wa chuo kule Kawe. Kipindi kile nilihamia kwa dada yangu Kimara wiki mbili nzima.

Naomba mnielewe, sitafuti mtu wa kuniambia "usitoke usiku". Mama ntilie, wauza samaki wa Feri, wauguzi, wafagizi, walinzi, sote tunatoka usiku ili wengine wakiamka wakute chai. Nauliza hivi: kwenye mtaa wenu, ni kitu gani kimefanyika mkaona kweli hofu imepungua?

KIJIWE CHA BODA

Dada pole sana. Mimi ni boda, kituo chetu kiko Mabibo.

Kwanza, tafuta wenzako wawili wa saa hiyo hiyo. Bajaji moja mkiwa watatu haifiki 1,000 kwa kila mtu, na dereva akijua ni kazi ya kila siku atakuja mwenyewe mpaka mlangoni. Sisi tunapenda abiria wa kudumu kuliko wa kuokota. Chukua mwenye namba ya kituo na kizibao, ambaye wenzake wanamfahamu. Usipande wa barabarani tu kwa sababu kasimama.

Pili, wanaopora kwa pikipiki wanatokea nyuma, wako wawili, wa nyuma ndiye mwenye mkono. Tembea upande ambao pikipiki zinakuja zikikutazama usoni, kikapu kiwe upande wa ukuta. Mwendesha pikipiki akizima taa akiwa kwenye mwendo, wewe ingia popote penye mlango.

Simu kwenye hotipoti nimeipenda. Ila andika IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwenye karatasi uiache nyumbani, bonyeza *#06# utaiona. Ikiibiwa, unaenda polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa yako, ukiwa nayo na simu inaweza kufungiwa.

MZEE WA MTAA, TEMEKE

Mwanangu, marahaba kwa shikamoo ambayo najua ungenipa.

Nilikuwa kwenye kamati ya ulinzi ya mtaa wetu miaka sita, nitakueleza kilichotuangusha na kilichotuinua. Sisi wa zamani tumeona sungusungu wakianza kule Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980 mwanzoni, mpaka mwaka 1989 sheria ikawatambua. Kule watu walikuwa wanalinda ng'ombe, na mwenye ng'ombe analinda kwa moyo. Mjini tulichukua jina tukasahau moyo. Kila nyumba ilitoa 2,000 kwa mwezi, vijana wakapewa filimbi na virungu, basi. Koti la mvua hakuna. Tochi ni ya simu yake mwenyewe. Masika ya kwanza tu walikuwa wamejibanza barazani mwa watu.

Halafu kuna jambo hili ulilolisema bila kujua. Walinzi wetu walianza doria saa 4 usiku, ikifika saa 9 wameshachoka wamelala. Wanaotoka kwenda kazini wanaanza saa 10. Yaani tulikuwa tunalinda watu waliolala na milango yao ya chuma, tukawaachia vibaka wale walio njiani! Aliyeligundua ni mama mmoja muuza vitumbua, alisimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza, "Nyie mnamlinda nani?" Ukumbi ukanyamaza kabisa.

Tukagawa zamu mbili. Ya pili ilianza saa 8 mpaka saa 12 kumekucha, na kazi yake haikuwa kuzunguka ovyo, ilikuwa kusimama kwenye njia tatu ambazo watu wanapita kwenda vituoni. Tukabandika hesabu ya michango ukutani pa ofisi kila tarehe 5: nani katoa, kiasi gani, kimenunua nini. Waliokuwa wagumu kutoa wakaanza kutoa wenyewe. Makoti sita, tochi sita, chai ya tangawizi. Haikuzidi hapo.

Nenda kwenye mkutano wa mtaa wako. Usiende peke yako, nenda na hao wauza samaki na wafagizi, mtaje saa na mtaje kipande cha njia. Ukisema "usalama ni mdogo" wataandika kwenye daftari wakafunga. Ukisema "ukuta wa godauni, saa 10:40, dakika tatu" hawana pa kukwepea.

DOGO WA BEKARI

Mama shikamoo. Nimesoma nikarudia mara mbili, nikaona niandike hata kama sitaeleweka.

Nina miaka 23, nina rasta, nafanya kazi bekari, natoka saa 8 au saa 9 usiku kutegemea oda. Huyo aliyesimama nyuma yako angeweza kuwa mimi. Sisemi hakuwa na nia mbaya, wewe ndiye uliyekuwepo. Lakini mimi nikiona mwanamke mbele yangu amesimama ghafla, na mimi nasimama, kwa sababu naogopa nikimpita atapiga kelele ya mwizi.

Na hiyo kelele naijua. Mwaka juzi dada mmoja aligeuka akaniona nakimbia, nilikuwa nakimbia mvua, akapiga yowe. Hazikupita dakika mbili, watu wametoka na vyuma, mmoja ana tofali. Nilikaa chini mikono juu, unga bado uko kwenye suruali. Aliyeniokoa ni muuza chipsi, alisukuma watu huku anasema "huyu wa mikate, huyu wa mikate, namjua!" Asingekuwepo, mngesoma kwamba mtu kauawa na wananchi wenye hasira kali, jina halijulikani.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Nikimwona mtu mbele gizani navuka upande wa pili mapema, na nasema kwa sauti nikiwa bado mbali: "Mama, napita." Sinyamazi kabisa. Kofia ya sweta naitoa. Nawaomba na wanaume wenzangu humu tufanye hivyo, haitugharimu kitu. Mtu akisikia sauti ya kawaida mapigo yanatulia.

Pole sana mama yangu.

BINTI WA KISAUNI

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu nasi tumepitia ngeta, yaani kukabwa koo na kuporwa, na vijana wa mapanga, mpaka ikawa ukisikia adhana ya magharibi kila mtu ashafunga duka. Nyumba kumi yenu tuliichukua 2013, mahali pengine ikashika, pengine ikabaki jina.

Kwetu lililosaidia ni ile taa kubwa ya mulikamwizi, lakini si peke yake. Ilipowekwa, kina mama wa viazi karai na mahamri walihamia chini yake, wakakaa mpaka usiku sana, na alfajiri wengine washafika. Ikizimika taa ile hata siku mbili, wao ndio wa kwanza kupiga simu kwa sababu biashara yao imelala. Taa bila mtu wa kuihitaji hufa, na hakuna anayejua. Yule mama wa chapati wenu yuko wapi sasa hivi?

MPISHI WA TANDALE

Nimewasoma wote nikiwa kwenye mwendokasi, nimelia kidogo, nawashukuru sana.

Mzee wangu wa Temeke, shikamoo. Nilikwenda. Sikusubiri mkutano, nilipitia kwanza kwa wenzangu. Kumbe tuko watano wa saa hiyo hiyo na kila mmoja alikuwa anatembea peke yake akiogopa kivyake! Mmoja anawahi samaki Feri, wawili wanafagia ofisi mjini, mmoja anatoka zamu ya usiku zahanati na anakuja upande wa kwetu, tunapishana pale pale ukutani. Muda wote huo tulikuwa tunaogopana sisi kwa sisi. Huyo wa zahanati ameniambia hata yeye akiona kivuli changu na kikapu alikuwa anaanza kusoma dua.

Sasa saa 10:30 tunakutana kwenye bomba la msikiti. Yule mzee ametuwekea benchi. Kijiwe cha Boda, bajaji tumepata, ila ni kwa siku za mvua tu, siku nyingine tunatembea wanne na tunaongea kwa sauti njia nzima.

Binti wa Kisauni, umeniuliza swali zuri. Mama wa chapati anauzia mlangoni kwake, ndani kabisa, hapati wateja. Nimemwendea jana. Anasema akipata ruhusa ya maandishi na sehemu isiyozuia njia, yuko tayari kurudi pale kwenye pagale, ndani ya mstari wa kiwanja na siyo barabarani. Mwenye pagale tumempata kwa simu, hajakataa. Jumamosi mtaa una mkutano, tumeandika karatasi moja: taa 5 zilizokufa, kila moja na nguzo yake tumeitaja iko mbele ya nyumba gani, zamu ya walinzi isogezwe mpaka saa 12, na kona ya mama wa chapati.

Dogo wa Bekari, mwanangu. Nimekaa na maneno yako siku nzima. Nina kijana wa miaka 19 na anafuga nywele, na sikuwahi kufikiri kwamba anaporudi usiku, wanawake kama mimi ndio anaowaogopa. Nimempa maneno yako. Jana aliporudi saa 5 nilimsikia kwenye uchochoro kabla hajafika mlangoni, anasema, "Mama, napita," na jirani yangu wa dirishani akamjibu, "Pita baba."

Fundi yeyote wa sola aliyemo humu: zile taa zilizokufa, mchana zinatoa mwanga kidogo jua likiwa kali halafu usiku hakuna kitu. Ni betri, au ni nini? Niambieni kabla ya Jumamosi.