Alhamisi nawasilisha mradi wa vizimba kwa Zoom, mara ya mwisho nilipata kimya tu

MamaSato_Igombe:
Habari za leo wakuu. Niko Igombe hapa Mwanza, kikundi chetu cha akina mama 12 tunafuga samaki aina ya sato kwenye vizimba viwili vya nyavu ziwani, sasa Alhamisi saa 8 mchana natakiwa kuelezea mradi kwa Zoom kwa wafadhili, wawili wako Dar watatu Uholanzi, nimepewa dakika 15. Mwezi wa nane niliwasilisha kwa watu wengine, nikasoma slaidi 31 mwanzo mwisho, kamera zao wote zimezimwa, namaliza nauliza kuna swali, kimya. Kumbe tangu slaidi ya tisa kwao ilikuwa imeganda na hakuna aliyesema. Iliniuma maana wenzangu walikuwa wamekaa nyuma yangu wanasubiri. Sokoni Mwaloni naongea na wateja vizuri tu, ila kwenye skrini sijui nashika wapi.

Mwl_Nyegezi:
Pole sana dada yangu. Hizo 31 kwa dakika 15 ni nyingi mno, hata ukumbini wangechoka, sembuse mtu yuko ofisini kwake na meseji zinaingia huku na huku. Anza na unachoomba. Dakika ya kwanza kabisa waambie tuna vizimba viwili, tunaomba hela ya vingine vitatu na chakula mpaka mavuno ya kwanza, halafu ndio ueleze kwa nini. Historia ya kikundi wataisoma baadaye.

Halafu usiulize "kuna swali?", hilo kila mtu anamwachia mwenzake. Andika majina yao kwenye karatasi mbele yako, kila baada ya dakika tatu nne mwite mmoja kwa jina, umuulize kitu cha kujibika, mfano kwenye miradi mingine chakula cha samaki wananunua au wanatengeneza wenyewe. Kamera usizime, wakuone unaongea.

fundi_Kirumba:
Hapo kwa kamera sikubaliani na mwalimu, kwa mtandao wa huku pembezoni sura ndiyo inayokula bando na kugandisha sauti. Salimia kamera ikiwa wazi, ukiona inakwama waambie nazima kamera ili sauti iwe safi, wataelewa. Sauti ikikatika ndio umepoteza kila kitu.

Dawa ya kuganda ni hii: ingia na simu ya pili kwenye kikao hicho hicho kama mshiriki, zima maiki yake na spika yake, mpe mama mmoja akae nayo pembeni, yeye anaona wanachoona wao. Slaidi isipobadilika anakugusa bega. Na jana yake watumie slaidi kwa imeili kama PDF yenye namba za kurasa, ikigoma unasema "fungueni ukurasa wa nne" unaendelea. Video kama unayo, ukishea skrini hakikisha umetiki kile kiboksi cha kushea sauti, bila hapo wataona samaki wanaruka tu bila kusikia kitu. Laptopu chaji ijae toka asubuhi, na chumba cha bati bila dari usikae, mvua ikishuka umekwisha.

MamaSato_Igombe:
Asanteni sana jamani, hilo la simu ya pili sikuwahi kuliwaza. Je kukaa, nikae wapi? Na niwaonyeshe nini kama slaidi napunguza?

dada_wa_Sengerema:
Kaa uso uangalie dirisha, ukilipa mgongo utaonekana kivuli. Laptopu ipandishe juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka kamera ilingane na macho, na ukiongea angalia kile kitundu cha kamera, siyo sura zao.

Cha kuonyesha unacho tayari, daftari la chakula. Lile lenye tarehe, kilo mlizolisha, samaki waliokufa na uzito mliopima. Lisogeze karibu na kamera taratibu, lishike hapo, weka kidole kwenye mstari mmoja uwasomee siku hiyo ilikuwaje. Mimi nilifanya hivyo na daftari lina madoa ya maji ya ziwa, wale watu wakaanza kuwasha kamera mmoja mmoja wasogee waone.

Na muda thibitisha kwa maandishi, andika 14:00 saa za Tanzania. Uholanzi wako nyuma yetu saa moja kipindi chao cha joto na saa mbili kipindi cha baridi, wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba.

MamaSato_Igombe:
Nimekaa nazo jioni hii slaidi zimebaki 6, na daftari nimeshalitoa kwenye boksi. Kesho saa 10 jioni kuna mtu anaweza kuingia nijaribu mbele yake? Nataka anikatize kabisa nikikosea.

fundi_Kirumba:
Nitumie linki pm, nitaingia na simu nione kama inaganda.

Mwl_Nyegezi:
Na mimi nipo. Nitazima kamera ninyamaze, uniite kwa jina.