Eti kupima matokeo ya ustawi wa jamii kumeletwa na yeye!

Wanajukwaa, nimetoka kikaoni sasa hivi nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Yule bwana wa ufuatiliaji na tathmini, ambaye nyote mnamjua kwa majedwali yake yenye rangi nyingi kuliko duka la kanga, ameinyanyua ripoti yangu kwa vidole viwili na kutamka mbele ya wakuu wa idara kwamba sisi maafisa ustawi hatukuwahi kupima chochote tangu dunia iumbwe, hadi alipokuja yeye. Kwa vidole viwili, jamani!

Mwaka 1931, babu yake akiwa bado anachunga mbuzi, daktari Richard Cabot, akiwa rais wa mkutano mkuu wa ustawi wa jamii wa Marekani, aliwataka wanataaluma wapime matokeo ya kazi yao. Kisha akaasisi utafiti wa kuwakinga vijana na uhalifu huko Cambridge na Somerville, Massachusetts, ambako wavulana waliofanana waliwekwa wawiliwawili na sarafu ikarushwa kuamua nani apewe mshauri. Mwaka 1950, watafiti Hunt na Kogan wa New York walikwishachapisha kipimo cha kuonyesha mteja amepiga hatua kiasi gani. Leo mtu ananishikia ripoti kama soksi chafu!

Mkaguzi Asiyelala: Pole, ndugu, ila umejipalia makaa mwenyewe, kwa kuwa matokeo ya utafiti huo umeyaficha. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia wavulana hao hadi utu uzima, na mwaka 1978 akaandika kwamba waliosaidiwa hawakuwa na nafuu yoyote dhidi ya uhalifu, na katika mambo kadhaa, ulevi ukiwamo, walikuwa na hali mbaya zaidi. Ripoti ya namna hiyo hata mimi ningeishika kwa vidole viwili.

Mama Mashauri: Mtafiti Joel Fischer naye aliuliza mwaka 1973 kama kazi ya mashauri, yaani kumhudumia mteja mmojammoja, inafaa kitu, akapingwa vikali. Mimi kinachoniudhi ni fomu: mtoto niliyemhangaikia hadi akapokelewa na shangazi yake anahesabiwa mmoja, na yule niliyemsalimia tu barazani anahesabiwa mmoja vilevile.

Mleta uzi: Tafadhali turudi kwenye vidole viwili!

Kijana wa Kata: Mama, afadhali yenu ni fomu moja. Sisi tumeletewa mbili mpya na ile ya zamani haijafutwa, hivyo kaya ileile naijaza mara tatu.

Mama Mashauri: Mbili? Hebu ziweke hapa tuzione.