Ndege ndogo za mfano za ukumbini: F1D, F1M au ya rimoti kwa klabu ya shule Arusha?

mwl_Njiro: Wakuu habari. Klabu ya shule, hapa Arusha. Ukumbi unatosha uwanja wa kikapu, kenchi ziko mita 7. Tuanze na zipi: F1D au F1M, yaani madaraja ya ndege nyepesi sana ambazo propela yake huzungushwa na mpira uliosokotwa, au za rimoti? Nasikia F1D imerahisishwa. Nawasilisha.

PasuaMwanzi: Mwalimu, nusu ya hiyo ni kweli. Tangu 2015 uzito wa chini wa F1D umepanda kutoka gramu 1.2 hadi 1.4, kwa hiyo kiunzi (ndege bila mpira) kinaweza kuwa kigumu zaidi. Lakini uzito wa juu wa mpira umekatwa kutoka gramu 0.6 hadi 0.4! Ugumu umehama tu, kutoka kwenye kisu na gundi hadi kwenye propela na uchaguzi wa mpira. Wanafunzi wape F1M: bawa, ncha hadi ncha, lisizidi sentimita 46, kiunzi kisipungue gramu 3, mpira usizidi 1.5. Pima balsa (mbao nyepesi za kuundia) kabla ya kukata: ubao wa milimita 1.5 × 75 × 915 ukizidi gramu 10, uweke kando.

Jogoo_255: Rimoti ndiyo rahisi. Ya gramu 25, betri ya seli moja ya mAh 150, chaji kwa ampea 0.15, usiishushe chini ya volti 3. Jioni hiyohiyo watoto wanarusha.

PasuaMwanzi: Wanarusha, sawa, ila wanajifunza vidole. Kutega bawa hawatajua.

KenchiJuu: Kwa mita 7 tatizo ni mwanzo wa safari: mpira umejaa, ndege inapanda, inanasa kwenye kenchi. Paka kitanzi cha mpira mafuta ya silikoni, kivute mara 4 hadi 5 ya urefu wake, zungusha nusu ya mizunguko hapohapo. Nusu ya pili zungusha huku ukisogea taratibu kuelekea kwenye ndoano. Ukimaliza, rudisha mizunguko kadhaa kabla ya kuachia. Nguvu ya msokoto inashuka sana, mizunguko inapungua kidogo tu. Bado inagonga juu? Tumia mpira mwembamba na mrefu zaidi. Haifiki juu na inatua mizunguko ikiwa mingi? Mpira ni mwembamba mno.

Duara liwe la kushoto. Bawa la kushoto inua ukingo wa mbele milimita 2 au 3, la sivyo itazama upande wa ndani.

FundiMoshi: Mnasahau mwinuko. Arusha ni kama mita 1,400. Hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 13, hivyo ndege inahitaji kasi zaidi kwa asilimia 7 hivi, na duara linapanuka. Huku Moshi nyongeza ya kasi ni kama asilimia 4 tu. Vipimo vya mpira kwenye ramani za Ulaya msivinakili, ongezeni upana kidogo.

mwl_Njiro: Basi F1M. Mchana au asubuhi?

KenchiJuu: Asubuhi. Mabati yakishika jua, hewa ya ukumbini inazunguka na kuisukuma ndege ukutani. Ila Juni na Julai mpira wa baridi hukatika ukizungushwa, uwekeni mfukoni kwanza. Na pangaboi zizimwe mapema, hewa itulie.