Njia tambarare, hewa ya kipupwe, na bado nusu ya pili ilinishinda

Mkimbiaji wa Tudor

Assalaam aleikum, wanariadha wenzangu. Mimi ni mkimbiaji wa klabu hapa Mombasa, mtu wa kazi ya kutwa ninayefanya mazoezi alfajiri siku nne kwa wiki, na kila Julai klabu yetu hukimbia kilomita 10 za barabarani kutoka Nyali kuelekea Bamburi na kurudi. Njia ni tambarare, hali ya hewa ni nafuu kuliko miezi mingine, na wenzetu wanaoshuka kutoka bara hutuambia kwamba hapa ndipo mahali pa kupata muda mzuri.

Mwaka jana nililenga dakika 42. Kilomita ya kwanza niliimaliza kwa 3:48 pasipo kuhisi taabu yoyote, nikafika kwenye kona ya kilomita 5 kwa 20:10 nikiwa na furaha kubwa, kisha nusu ya kurudi ikanichukua 23:28, hata nikamaliza kwa 43:38 huku miguu imekuwa mizito kama magogo. Sikuwa nimeumia, sikuwa na kiu, na wiki ya kabla nilipumzika vya kutosha. Naomba kuelezwa kosa lilikuwa wapi, maana zimebaki wiki sita na sipendi kulirudia.

Mzee wa Kizingo

Wa aleikum salaam, mwanangu. Umetaja njia, kiu na mapumziko, lakini upepo hukuutaja hata mara moja, nami naamini jawabu limo humo. Julai ni msimu wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini. Ukitoka Nyali kuelekea Bamburi unasukumwa mgongoni, na upepo wa nyuma ni mgumu kuutambua kwa sababu hauvumi masikioni wala haukupigi usoni. Wewe unaona tu kwamba leo miguu ni myepesi. Ukigeuka, upepo uleule unakuwa kifuani, na wakati unaoupoteza kwa kuukabili ni mwingi kuliko ule uliouokoa uliposukumwa nao.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalitii maanani. Upepo wa nyuma unapokwenda karibu sawa na kasi yako, hewa inayokuzunguka hutulia, jasho halikauki, na mwili hupata joto hata katika asubuhi unayoiona baridi. Kipupwe cha Mombasa hupunguza ukali wa jua, lakini unyevu wa bahari haupungui kiasi cha kukufaa. Kwa hiyo ulifika kwenye kona umekwisha kuchemka, na hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza.

Dakika 42 ni wastani wa 4:12 kwa kilomita, nawe ulianza kwa 3:48. Mwaka huu pita kilomita ya kwanza kwa 4:10, hata kama wenzako wa klabu watakuacha, ufike kwenye kona kwa 20:45 hivi, ubaki na 21:15 za kurudia. Kabla ya kugeuka, tafuta kundi la watu wa kasi yako ukae nyuma yao, kisha mpokezane kukaa mbele, kwa kuwa anayekimbia peke yake katika kusi hulipa gharama yote yeye mwenyewe.

Dada wa Likoni

Shikamoo mzee, na kaka wa Tudor, pole. Nakubaliana na maelezo ya upepo, ila nisingependa tuusahau utambarare wenyewe. Kwenye vilima, mpando huitumia misuli kwa namna moja na mteremko kwa namna nyingine, na mkimbiaji hupata nafasi ndogo za kuvuta pumzi. Barabara iliyolala inakutaka upige hatua ileile, kwa misuli ileile, tangu mwanzo hadi mwisho. Vigimbi na nyonga zangu zilikuwa zikikaza kila nikifika kilomita ya 7, hadi nilipoanza kufanya mazoezi marefu ya kasi moja, dakika 20 hadi 25 bila kusimama, badala ya vipande vifupi vya haraka nilivyokuwa nikivipenda. Miguu nayo hufundishwa kustahimili hatua isiyobadilika.

Pia kimbilia upande wa ndani wa kila kona. Njia hupimwa kwa mkato mfupi kabisa unaoruhusiwa, kwa hiyo anayetangatanga barabarani hukimbia zaidi ya kilomita 10 bila kujijua.

Msomaji wa Mtwapa

Mimi nitaongeza kidogo tu juu ya unyevu. Waliokuwapo Mombasa tarehe 24 Machi 2007 wakati wa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari, wanakumbuka jinsi Kenenisa Bekele, aliyekuwa bingwa wa mbio ndefu kwa miaka mitano mfululizo, alivyoacha mbio kabla ya kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ni kweli kwamba Machi si Julai. Hata hivyo, ikiwa joto na unyevu wa pwani vilimsimamisha mtu wa daraja hilo, sisi wa klabu tusiiamini sana saa ya mkononi. Ninamheshimu mzee, lakini mimi ningetazama pumzi kwanza: ukishindwa kutamka sentensi fupi kwenye kilomita ya pili, punguza mwendo, hata kama saa inaonyesha 4:12 kamili.

Mkimbiaji wa Tudor

Nawashukuru nyote. Nimerudi kwenye kumbukumbu zangu na nimegundua kwamba mazoezi yangu ya kasi yote nilikuwa nikiyafanya kuelekea Bamburi, kisha nikirudi nyumbani kwa matatu, kwa hiyo sikuwahi hata siku moja kukimbia kwa kasi ya mbio huku kusi ikinipiga kifuani. Jumamosi hii nitapanda matatu kwenda na nitarudi kwa miguu, dakika 20 za kasi moja, pamoja na wenzangu wawili ambao wamekubali tupokezane kukaa mbele.

Mzee wa Kizingo

Marahaba, binti wa Likoni. Na wewe wa Tudor, siku hiyo ya kwanza usitafute 4:12. Anza na 4:25, kisha utuandikie miguu ilikuwaje kwenye dakika kumi za mwisho.