Tupeane uzoefu: mliowahi kuelea Bahari ya Lut, yaliwakuta yapi?

MwanaKibokoni: Assalaam aleikum nyote. Mie mtoto wa Mji wa Kale, kuogelea nimejua kabla ya kusoma. Mwaka jana kazi ilinipeleka Jordan, Ijumaa moja wenzangu wakanichukua hadi Bahari ya Lut. Nikasema leo watu wa jangwani wataona mtu wa pwani. Nikaenda mbio, nikajitupa kifudifudi. Maskini mie! Miguu ikapanda juu kama kifuu, kuishusha siwezi, na uso ndio unaotaka kwenda chini. Tone likaingia jichoni, wallahi pilipili mbuzi afadhali. Mzee mmoja akanigeuza chali kwa mkono mmoja, kama chapati. Haya, na nyinyi semeni.

MamaBamburi: Pole mwanangu, lakini nimecheka. Mimi miaka yote Mombasa, bahari naishia kutia miguu pale Pirates, dera nimelishika mkononi. Kule tulikwenda na watu wa kanisa, sisi twaiita Bahari ya Chumvi. Kiongozi akaniambia, mama, kaa kama unayekaa kitini. Nikakaa, na maji yakanipokea. Nikatazama vidole vyangu vya miguu vikielea mbele yangu, machozi yakanitoka. Ila kisigino kilichochubuliwa na kiatu kiliwaka moto hadi usiku. Na jamani, msinyoe siku ya kwenda, wala jana yake.

Abuu_Majengo: Babangu hakushuka garini. Alisema hapo kaumu ya Nabii Lut imeangamizwa, si mahali pa mchezo. Nikabaki naye, tukala tende.

ChumviGongoni: Nimefanya kazi mashamba ya chumvi Gongoni, kwa hiyo lile ziwa nililielewa haraka. Sisi twaingiza maji ya bahari bwawani, jua lapiga, maji yaenda, chumvi yabaki. Lile nalo ni bwawa lisilo na pa kutokea, zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari. Maji yetu yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, yale karibu mara kumi. Lakini si chumvi ya mboga ile! Magnesiamu ni nyingi mno, nimeonja, chungu kama shubiri.

DerevaWaAmman: Nimebeba watalii huko miaka sita. Kila mwaka ziwa lashuka zaidi ya mita moja, ngazi za ufukweni zaongezwa tu. Mto Jordan na Yarmuk maji yake yachotwa juu kwa mashamba na miji, na viwanda vya potashi (chumvi ya mbolea) vya kusini vyaanika mengine. Ng'ambo ya pili, Ein Gedi huko Israel, kulikuwa na jengo la kuogea lililojengwa ukingoni miaka ya 80, baadaye wageni wakawa wabebwa na trekta kufikia maji. Ufuo wa umma wa hapo ulifungwa 2015, ardhi yatitia: maji matamu yapita chini, yayeyusha tabaka la chumvi, kisha shimo lafunguka ghafla. Ukiona uzio, usiuruke kwa ajili ya picha.

MwanaKibokoni: Shukran. Mie nilirudi na chupa ya maji yale, nikaiweka mezani. Mamangu akadhani ni zamzam, akapiga bismillahi na funda moja kubwa. Hadi leo hajanisamehe.