Wahudumu wa afya, tupeane uzoefu: siku mfumo wa kompyuta ulipogoma na mgonjwa yuko mbele yako

Nesi_Kusini: Leo mzee kakaa mapokezi, kadi ya bima mkononi, anaambiwa asubiri mtandao. Nimekumbuka mengi. Kompyuta imewasaidia au imewachosha?

Mama_Zamu: Imenichosha. Mjamzito namwandika kitabu cha MTUHA namba 6 (rejista ya wajawazito), namwingiza tena kwenye kompyuta, mwisho wa mwezi najumlisha upya kwa ajili ya DHIS2, ule mfumo wa kutuma takwimu za afya. Foleni nayo imefika nje kwenye mwembe.

Dirisha_la_Dawa: Mmesahau mwandiko wa madaktari? Cheti kimoja tulikuwa tunakisoma watu watatu. Sasa jina la dawa naliona, na kilichobaki stoo nakiona. Sirudi nyuma.

Mkunga_Usiku: Niacheni niseme. Wodi ya wazazi, usiku, mama kajifungua salama, mara damu inamwagika. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, tumeshampa, tunakanda mfuko wa uzazi, damu haikatiki. Natuma ombi la damu, skrini inazunguka tu. Napiga simu maabara: ombi halionekani kwenye mfumo, hatuwezi kutoa. Nikamwachia mwenzangu mama, nikakimbia na sampuli na karatasi niliyoichana kwenye daftari. Nafika, naulizwa namba ya malipo. Namba ya malipo, saa nane usiku! Nilipaza sauti mpaka mlinzi akaja. Damu ikatoka, mama akapona, mtoto yuko shule sasa. Ila mpaka leo nikisikia "mfumo uko chini" moyo unaenda mbio.

Jirani_wa_Wodi: Pole mkunga. Hata kwetu ni hayo hayo.

Maabara_Kwetu: Lawama zote kwetu! Karatasi za daftari zinakuja zimeandikwa "Mama Asha" basi. Wodini wako kina Mama Asha wangapi? Damu ya kundi lisilo lake inaua.

Mkunga_Usiku: Yangu ilikuwa na majina yote na namba ya kitanda. Hukuwepo.

Maabara_Kwetu: Sikusemi wewe dada, nasema utaratibu.

Dirisha_la_Dawa: Jamani, wa kulaumiwa ni aliyefunga kompyuta bila betri za akiba.

Fundi_TEHAMA: Wekeni fomu za karatasi zenye namba, mtandao ukirudi ziingizwe. Na mganga mfawidhi aandike kabisa kwamba dharura haisubiri malipo, ibandikwe maabara.

Mama_Zamu: Aingize nani? Si mimi yule yule! Tupeni makarani.

Kaka_OPD: Au kila nesi aolewe na fundi wa TEHAMA 😂

Nesi_Kusini: Hilo la kubandika nalipeleka kikao cha Jumatatu. Mwenye fomu ya dharura aiweke hapa tuione.