Sikio bovu ni la kushoto, daktari anataka kupima na la kulia

Mama Sabri:
Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu ana miaka 7. Sikio la kushoto linatoa usaha tangu ana miaka 3. Linakauka, akishikwa na mafua tu linaanza upya. Juzi daktari wa masikio, pua na koo kasema ngoma ina tundu na huenda ikazibwa kwa upasuaji, ila kwanza la kulia lipimwe kikamilifu. La kulia halijawahi kuuma wala kutoa hata tone. Baba yake anaona ni kupoteza hela. Nishaurini, miadi ni kesho kutwa.

Shangazi_Lulu:
Pole mwaya. Wangu nilimtia mafuta ya nazi ya vuguvugu, likakauka.

Nesi wa Zamu:
Shangazi, samahani, hapo hapana. Ngoma ikiwa na tundu, unachotia kinapitiliza hadi ndani.

Mama Sabri, nimefanya kazi kliniki ya masikio miaka mingi, nakuomba umpeleke. Kila sikio lina mrija unaofungukia nyuma ya pua, na pua ni hiyo hiyo moja. Kilicholiharibu la kushoto mara nyingi kinaligusa na la kulia, ila kimya kimya: ngoma inavutwa ndani, au ute unajaa nyuma yake. Ute huo kwa kawaida hautoki nje, na mara nyingi hauumi, mzazi atajuaje? Kumulika na tochi peke yake hakutoshi. Kuna timpanometri: anawekewa kifundo laini sikioni, mashine inabadilisha mgandamizo wa hewa kuona kama ngoma inacheza. Hakuna sindano, ni dakika chache. Halafu odiometri: anavalishwa hedifoni, akisikia mlio anabonyeza kitufe. Upasuaji wowote wa sikio una hatari, hata kama ni ndogo, ya kupunguza usikivu, kwa hiyo lazima ijulikane mtoto anategemea sikio lipi. Je, anakoroma?

Mama Sabri:
Sana, na analala mdomo wazi. Halafu nimekumbuka: nikimwita kutoka jikoni haitiki mpaka nimguse bega. Nilikuwa namgombeza, nikidhani ni ukaidi. Roho inaniuma.

Fundi Redio:
Mpeleke dada yangu. Mimi walishughulikia bovu tu. Hilo "zima" nilikuja kugundua ukubwani kwamba simu siisikii nikiiweka upande huo.

Mama Sabri:
Tumetoka kliniki. Mchoro wa timpanometri wa la kulia umekuja bapa, yaani ngoma haichezi, kuna ute. Linasikia sauti kuanzia desibeli 35, la kushoto 45 (namba ikiwa kubwa, usikivu ni mdogo). Kwa vile anakoroma, wanashuku nyama za nyuma ya pua zimevimba na kuziba ile mirija, tunaenda kupiga picha, na la kulia litapimwa tena baada ya miezi 3. Baba yake ndiye aliyekwenda shuleni kuomba ahamishiwe dawati la mbele. Nesi, akioga la kushoto nalizibaje?

Nesi wa Zamu:
Pamba iliyopakwa Vaseline, iweke mlangoni tu, usiisukume ndani. Akimaliza itoe. Na kuogelea asubiri kwanza.

Mama Sabri:
Asante dada. Leo jioni nimemsogelea nikamwita polepole, akageuka.